Shajara ya sanduku la kioo: kichipukizi kinapitaje kwenye udongo

Kabla ya kuanza

Mimi ni fundi wa vioo na aluminiamu hapa Morogoro mjini, na kama walivyo wengi wa mji huu nina kishamba mahali, cha kwangu kiko upande wa Kilosa. Msimu uliopita mahindi yangu yalitoka mapengo mapengo. Mstari mmoja umejaa, unaofuata kama kinywa cha mtoto wa darasa la kwanza. Nikasema panya. Nikasema mbegu mbovu, nikamlaani muuza mbegu kimoyomoyo. Halafu nikafukua mashimo kama sita hivi.

Sikukuta punje iliyooza wala iliyotafunwa. Nilikuta mche ulioota vizuri kabisa, majani yamefunguka humo humo chini, yamejikunja kama utambi wa koroboi, meupe yenye unjano. Uliota, ukakua, ukafungua majani gizani, ukafia njiani.

Tangu siku hiyo kuna swali linanisumbua. Chukua jani la mche wa mahindi wa siku tano, jaribu kulisukuma kwenye udongo kwa kidole. Linachanika. Sasa lenyewe linapitaje? Na kama linaweza kupita, haya yangu yalishindwa na nini?

Vioo ninavyo. Nitatazama.

Siku ya 0

Sanduku limekamilika. Vipande viwili vya kioo cha milimita 4 vilivyobaki kwenye dirisha la mteja, sentimita 60 kwa 35, vimesimama vikitazamana na nafasi ya sentimita 4 katikati. Pembeni na chini nimebana kwa reli ya aluminiamu na silikoni. Ile silikoni ya kawaida hunuka siki mpaka ikauke, kwa hiyo nililiacha sanduku siku mbili juani, nisije nikazipandia mbegu kwenye achari. Chini nimetoboa matundu manane ya kutolea maji.

Udongo ni nusu mchanga wa mtoni na nusu udongo wa shambani uliochekechwa. Mahindi punje tatu tatu kwenye kina cha sentimita 3, 5, 8, 12 na 15, zote zimelala zikigusa kioo ili zionekane. Kunde na mbaazi kwenye sentimita 4. Pande zote mbili nimefunika kwa kadibodi niliyoipaka rangi nyeusi, maana mbegu iliyo ardhini haina dirisha. Ninafunua jioni tu, taa ikiwa imezimwa, namulika kwa tochi ndogo ya simu niliyoifunga kitambaa, sekunde chache, nafunika.

Kwenye kopo la pembeni nimeloweka mbegu nyingine za kupasua.

Siku ya 1

Leo ni siku ya wembe. Binti yangu yuko kidato cha tatu na kitabu chake cha baiolojia kimekuja mezani, pamoja na lenzi niliyoazima kwa fundi saa wa jirani.

Kunde iliyolala kwenye maji usiku mmoja inavuliwa ganda kama karanga. Inafunguka nusu mbili, na hizo nusu mbili ndizo majani ya kwanza kabisa ya mmea, yaliyonenepa kwa chakula. Kitabu kinayaita kotiledoni. Pale yanapoungana, ukingoni, kimelala kitu kidogo kuliko punje ya mchele. Upande mmoja kina ncha inayotazama nje, huo ni mzizi. Upande wa pili, kimefichwa katikati ya nusu mbili, ndicho kichipukizi. Nilikiweka chini ya lenzi nikanyamaza. Ni majani mawili yaliyokwisha kuumbwa, yamelaliana uso kwa uso kama viganja vya mtu anayeomba, rangi ya maziwa, na mishipa inaonekana. Mbegu imekaa ghalani tangu mwaka jana na majani yamo ndani, tayari.

"Kwa hiyo, Baba, haitengenezi majani ikipandwa?"

"Hayo mawili yapo tayari. Inayakuza tu."

Punje ya mahindi ni kazi zaidi. Lazima uilaze ule upande wenye alama nyeupe uwe juu, uikate kwa urefu katikati, na mkono usitikisike. Sehemu kubwa ni unga mgumu. Pembeni kuna kibamba kama ngao, na juu ya ngao hiyo kimeegemea kiinitete: mzizi chini, kichipukizi juu, na kila kimoja kimevaa ala yake. Kichipukizi cha mahindi hakiko uchi kama cha kunde. Kimo ndani ya kifuniko chenye ncha, na kitabu kinasema ndani ya kifuniko hicho majani kama matano yamekwisha kuanza, moja limezunguka jingine. Kwa lenzi ya fundi saa niliona mistari miwili mitatu tu iliyobanana. Kifuniko hicho jina lake la kitabuni ni koleoptili. Mimi nitakiita ala, maana ni ala kweli, kama ya kisu.

Siku ya 2

Ninapima maji kwa mizani ya jikoni. Kunde kavu gramu 100 zimekuwa karibu mara mbili kwa usiku mmoja, kisha zikatulia, hazikunywa tena. Hata mbegu iliyokufa hunywa hivyo mwanzoni, kama sifongo. Kipindi cha utulivu ndicho kinachotenganisha hai na mfu: humo ndani mitambo inawashwa, na mbegu iliyo hai ndiyo itakayoanza kunywa tena kwa ajili ya kukua.

Jioni mizizi imetoka, ya kunde kwanza, ya mahindi baadaye. Vichipukizi bado. Nilidhani mzizi unatangulia kwa ajili ya maji tu, lakini ukilitazama kifundi kuna sababu ya pili. Ukisukuma gari umesimama kwenye utelezi, unayerudi nyuma ni wewe. Mbegu ikisukuma udongo juu bila kushikwa chini, itajisukuma yenyewe. Kwenye sahani, ambako mbegu hazina udongo, hicho ndicho kinachotokea: zinabiringika.

Siku ya 3

Kunde!

Nilitarajia kuona kichipukizi kikipanda, ncha juu. Wapi. Kinachopanda ni shingo, ile sehemu iliyo kati ya mzizi na kotiledoni, na imejipinda kama ndoano. Mgongo wa ndoano ndio unaopasua udongo. Kotiledoni mbili ziko nyuma, zimeinamishwa chini, zinaburutwa, na kichipukizi kimefichwa katikati yake kama barua ndani ya bahasha. Binti yangu aliiona kabla yangu: "Kinatoka kinyumenyume, kama mtu anayevua fulana."

Nimeichora kwa makapeni juu ya kioo. Kesho nitajua imepanda kiasi gani.

Punje za mahindi zimetoa ncha nyeupe ya milimita 3 hivi, iliyochongoka kama sindano ya kushonea magunia. Haina ndoano. Inapanda wima. Mbaazi bado mizizi tu.

Siku ya 4

Kunde zimetokeza asubuhi. Ndoano ilivunja udongo ukapasuka kwa umbo la nyota, na hadi saa nane mchana shingo ilikuwa imenyooka na kotiledoni zinatazama juu. Saa chache tu! Ndoano iliyoshikilia siku nzima gizani imefunguka ilipoonja mwanga. Kotiledoni zilikuwa rangi ya krimu, jioni zina ukijani, na kati yake majani mawili ya siku ya 1 yameanza kuachana.

Mahindi ya sentimita 3 yako karibu na uso. Ya 8 na ya 12 yamepanda kama sentimita 2 tu tangu yaanze.

Nimeandika haya saa tatu usiku na ndipo nilipokumbuka: mchana alikuja mteja wa madirisha, akataka kuona sanduku. Nikafunua kadibodi, nikamweleza kwa mbwembwe zote, nikaenda naye kupima nyumba yake. Kadibodi ilibaki chini. Sanduku limekaa barazani bila nguo kuanzia saa nne asubuhi mpaka saa kumi na mbili. Nimefunika sasa. Sijui kama kuna kilichoharibika. Pengine hakuna, ni mwanga tu.

Siku ya 5

Mahindi ya sentimita 3 yametoka. Ala ilifika juu ikasimama, ikapasuka ubavuni karibu na ncha, na jani la kwanza likatoka limeviringwa kama sigara. Yaani ala haiwi jani. Kazi yake ni kusindikiza, na ikifika mlangoni inabaki pale.

Mbaazi nazo zimejitokeza kwenye kioo, na zina namna yao ya tatu. Kotiledoni zinabaki ardhini pale pale mbegu ilipolazwa. Kinachorefuka ni kishina kilicho juu ya kotiledoni, na chenyewe kina ndoano ndogo kichwani kinachoinamisha majani. Kwa hiyo kunde hubeba ghala lake hadi juu, mbaazi huliacha chini na kupanda bila mzigo. Zote mbili ni jamii ya mikunde na zimepandwa jirani.

Siku ya 6

Ninawaza ndoano. Nani anaiambia isifunguke mapema? Kitabu cha binti kinataja gesi ya ethilini, inayotengenezwa na mmea wenyewe. Nikacheka, maana ethilini tunaijua wote hata kama hatujui jina: ndiyo inayoivisha ndizi ukizivundika.

Basi nimefanya jambo la kijinga kidogo. Ndoo mbili zenye mifuniko. Ndani ya kila moja, kopo la mbegu za kunde zilizoanza kuota. Ndoo moja nimeongeza ndizi mbivu nne. Zote gizani chini ya meza.

Siku ya 7

Habari kubwa. Mahindi ya sentimita 5 yote yametoka. Ya 8 hayajatoka, na nilipofunua nilishtuka: punje zote tatu zimefungua majani chini ya ardhi. Ala imepasuka sentimita 3 chini ya uso, jani limechungulia, limegonga udongo, limekunjika. Ya 12 hali ni ile ile, tena chini zaidi.

Ni utambi wa koroboi. Ndiyo ile ile miche niliyoifukua shambani.

Nilipiga picha nikampelekea bwana shamba mmoja mstaafu, mzee anayekunywa kahawa kijiwe kimoja na mimi. Hakujibu kwa simu, alikuja mwenyewe. Akaangalia sanduku, akauliza, "Mwanga uliingia?" Nikamweleza habari ya mteja. Akatingisha kichwa.

Alinionyesha kwa ncha ya kijiti. Ile ndefu nyeupe inayotoka kwenye punje na kupanda haikuwa ala yote kama nilivyodhani. Kuna vipande viwili. Cha chini, kati ya punje na kifundo cha kwanza, kinaitwa mesokotili, na hicho ndicho lifti. Kinarefuka gizani na kuipeleka ala juu. Ala yenyewe ina urefu wake mdogo, ikishaufikia inakwisha. Sasa mmea una kipokezi cha mwanga kiitwacho fitokromu, na kikigusa mwanga kidogo tu, mesokotili inapata taarifa kwamba tumefika, simama. Lifti inasimama. Ala inamalizia sentimita zake chache, na majani yaliyo ndani hayangoji mtu, yanaendelea kukua, yanapasua ala popote ilipo.

"Wewe uliwaambia wamefika, mwanangu," mzee akasema, "na walikuwa bado wako njiani."

Mahindi ya sentimita 3 na ya 5 yaliponea kwa sababu ala peke yake iliweza kumaliza safari iliyobaki.

Nikamuuliza, shambani nani alifunua kadibodi? Akaniuliza mimi: udongo wa kule ukoje? Ni mweusi, wa mbuga, na trekta lilinilimia siku mbili baada ya mvua, likaacha mabonge ya ukubwa wa kichwa. Sikupiga haro la kuvunja mabonge, nilikuwa nabana pesa. "Basi mwanga uliingia kwenye nafasi za mabonge na kwenye nyufa. Na hapo bado sijakuuliza kina."

Sikumjibu kuhusu kina. Mashimo walichimba vijana, mimi nilikuwa mjini nafunga mlango wa duka la mtu.

Siku ya 8

Nimepanda mahindi mapya upande wa pili wa sanduku, kina kilekile, na safari hii kadibodi nimeifunga kwa gundi ya karatasi. Hakuna wageni.

Siku ya 9

Nilionja punje ya siku tisa iliyong'oka. Tamu! Unga mgumu umekuwa uji mtamu. Nilimwambia mama yangu kwenye simu kama mtu aliyegundua dhahabu, akanicheka mpaka akakohoa. "Hiyo si kimea? Mimi nimekitengeneza tangu hujazaliwa." Ni kweli. Anayelowesha ulezi au mtama, akauacha ukachipua, akauanika na kuusaga, anafanya kazi ile ile: kiinitete kinapeleka homoni kwenye tabaka la nje la unga, tabaka linatoa vimeng'enya, wanga unavunjwa kuwa sukari kwa ajili ya kichipukizi. Mpika pombe au uji anamwahi mmea, anamnyang'anya chakula kabla hajakila. (Mtama ukichipua, vichipukizi na mizizi yake vina sumu ya sianidi. Ndiyo maana watu huvipukuta kabla ya kusaga.)

Ile ngao niliyoiona siku ya 1 ndiyo kotiledoni ya mahindi, na haitoki nje kamwe. Inakaa ndani inanyonya. Fundi mwenzangu wa Tanga akasema basi hilo ni joya. Sawasawa kabisa! Nazi ikianza kuota, kile kitu cheupe chepesi kama sifongo kinachojaa ndani na kuyamaliza maji, ambacho watoto wa pwani hukigombania, ni kotiledoni ya mnazi inakula nazi ili kulisha kichipukizi kilichotokea kwenye jicho laini. Mahindi yana joya lake, ila dogo mno kugombaniwa.

Siku ya 10

Ndoo za ndizi. Kunde zisizo na ndizi: ndefu, nyembamba, nyeupe kama tambi, sentimita 14. Zenye ndizi: fupi, sentimita 5, nene kama penseli, na ndoano imejikaza mpaka inakaribia kufunga duara. Nyingine zimelala ubavu, zinakua kwa upande. Mbegu ni za mfuko mmoja.

Mwaka 1901, mtafiti wa mimea Dimitry Neljubow wa Saint Petersburg, Urusi, alionyesha jambo hili kwa njegere. Miche yake ya maabarani ilikuwa inakua mifupi, minene na ya kulala, akafuatilia hadi kwenye gesi ya taa iliyokuwa inavuja hewani, na ndani yake ethilini. Kwangu maana yake ni hii: mche unaobanwa na udongo hutoa ethilini zaidi, gesi haipati pa kutokea, na mche unaitikia kwa kunenepa na kukaza ndoano. Udongo ukiwa mgumu, mche unajifunga mkanda. Ukifika juu gesi inatawanyika na mwanga unakuja, ndoano inafunguka. Kumbe ndizi zangu ziliwadanganya kunde kwamba wako chini ya udongo mgumu sana.

Nimeonja na ndizi. Zimeiva mno.

Siku ya 12

Kifupi, maana kazi ni nyingi. Niliotesha mahindi kumi kwenye giza hadi ala zikafika sentimita 2, matano nikayavalisha vikofia vya karatasi ya fedha ya sigara, kisha nikaweka yote kwenye boksi lenye tundu moja la mwanga ubavuni. Baada ya muda wa saa sita, yasiyo na kofia yameinama kuelekea tundu. Yenye kofia yamesimama wima kama askari wa gwaride. Kinachoona ni ncha, kinachopinda ni sehemu ya chini yake. Charles Darwin na mwanawe Francis walichapisha jambo hili mwaka 1880 wakitumia vichipukizi vya nyasi, na miaka ya 1920 Mholanzi Frits Went alionyesha kwamba kinachoshuka kutoka kwenye ncha ni kitu cha kikemikali, sasa kinaitwa oksini. Binti ameniomba boksi, anataka kwenda nalo shule. Nimempa pamoja na vikofia.

Siku ya 15

Kuku wa jirani wameingia barazani. Kopo la kunde, kopo la mbaazi na kopo la mahindi, karibu vyote vimekatwa usawa wa udongo. Nilianza kugomba, kisha nikanyamaza, nikaandika tarehe kwenye makopo kwa makapeni. Hili nalo ni jaribio.

Siku ya 17

Majibu ya upande wa pili wa sanduku, uliofungwa vizuri. Sentimita 8: zote tatu zimetoka. Sentimita 12: zote tatu, mbili zimechelewa na zina majani membamba ya njano. Sentimita 15: moja imetoka ikiwa hoi, mbili zimefungua majani chini.

Nikapima kwa rula kupitia kioo, na hapa ndipo nilipokaa muda mrefu. Kwenye punje ya sentimita 3, mesokotili ina kama sentimita 1. Kwenye ya 5, sentimita 3. Ya 8, sentimita 6. Ya 12, karibu 10. Yaani kifundo cha kwanza, pale majani yanapoanzia na mizizi mikubwa ya kudumu inapotokea, kimesimama sentimita 2 hivi chini ya uso kwenye kila mche uliofika, bila kujali punje ililala wapi. Mmea hauhesabu umetoka wapi. Unahesabu mwanga unaochungulia juu. Ulipoanza kuuona, ulisimamisha lifti.

Nilijua mahindi ni mmea, sikujua yana pima maji kama ya fundi. Mimi bila rula siwezi kupata sentimita 2 mara nyingi hivyo mfululizo.

Na kuna ukomo. Chakula na urefu vinakwisha. Kwa mbegu hii niliyonayo, 12 ni ya kubahatisha, na 15 ni kaburi.

Siku ya 19

Kopo la mahindi lililoliwa na kuku limechipua tena tangu juzi, lina majani ya kijani ya sentimita 6, ncha zake bapa pale mdomo ulipokata. Sehemu inayozalisha majani bado iko chini ya udongo, kwenye kile kifundo. Mzee wa kahawa anasema hubaki chini mpaka mahindi yafikishe majani kama sita, ndiyo maana mbuzi akiyapitia mapema unaweza kusamehe.

Kunde zimekufa, isipokuwa moja ambayo kuku aliikata juu ya kotiledoni. Hiyo imetoa vichipukizi viwili vipya kwenye kwapa za kotiledoni. Nyingine zilibeba kila kitu juu, ghala na macho yote ya kuchipulia, na mdomo ulipopita chini yake hakikubaki kitu.

Mbaazi bado kimya.

Siku ya 24

Mbaazi nne kati ya saba zimetoa kichipukizi kipya kutoka chini ya udongo, pale kotiledoni zilipobaki. Majani mawili madogo yaliyochongoka, kama ya mwanzo. Nimemwonyesha jirani, mwenye kuku. Amesema basi kuku wake wamenisaidia utafiti, nimlipe mahindi.

Siku ya 27

Nimekwenda Kilosa kumwona mama na kupanga msimu. Nilimweleza lifti, ala, sentimita 2, mwanga. Alisikiliza mpaka mwisho akiwa anachambua mchicha. Kisha akainua kidole cha shahada, akaonyesha pingili mbili.

"Sisi tulipanda hivi. Unachomeka kidole mpaka hapa, unatia punje, unafukia kwa mguu. Wewe uliwapa vijana jembe."

Nikapima kidole chake kwa rula ya fundi. Sentimita 5, pungufu kidogo.

Vijana mwaka huu nitawapa vijiti vya aluminiamu vyenye mkato kwenye sentimita 5. Na haro nitalipia.

Siku ya 31

Sanduku nimelifumua leo, mteja anataka dirisha la choo na kipande hiki kinamtosha. Nilikata silikoni taratibu, udongo ukamwagika kwenye beseni. Zile mbili za sentimita 15 zilizoshindwa nilizitafuta kwa mkono nikazipata. Punje zimebaki maganda matupu, unga wote umetumika. Mesokotili ya moja ilikuwa na urefu wa sentimita 11, imepinda mara mbili ilipokwepa kokoto. Juu yake ala imechanika, na majani matatu yamejikunja, moja ndani ya jingine.

Niliyanyoosha kwa kidole mezani. Jani refu kuliko yote lilikuwa na sentimita 7. Kutoka pale ala ilipochanikia hadi juu kulikuwa na sentimita 2 na nusu.

Binti amelibana jani kwenye daftari. Kioo nimekiosha kwa sabuni, alama za makapeni zimegoma kutoka upande mmoja, nitatumia spiriti kesho kabla mteja hajaja.